Rukia Anakwenda Korea Kusomea Konfusio

Niliisikia London kabla sijaiona: kwikwi za kilio cha shangazi yangu Mwanaidi kwenye simu, yeye akiwa Ilford, mimi Unguja. Binti yake Rukia alitaka kwenda Korea kusomea falsafa ya Kichina. "Njoo umkanye, mwanangu. Wewe mwandishi, atakusikia. Watamwabudisha mizimu mtoto wangu!" Basi nikasafiri ili nikaivunje safari ya mwenzangu.

Uwanja wa ndege wa Heathrow kulikuwa na mvua nyembamba. Rukia alinipokea, tukapanda treni inayolipasua jiji chini kwa chini kuelekea mashariki. Njiani akanieleza, nusu Kiswahili nusu Kiingereza. Konfusio, mwanafalsafa wa China, alifundisha zamani sana. Baadaye Wabudha na wafuasi wa dini ya Tao wakaziteka nyoyo za watu. Kiasi cha miaka elfu iliyopita, enzi ya wafalme wa Song huko China, wasomi wakamsoma upya. Wakasema kila kitu kina kanuni yake, hata jani, na anayeichunguza huitengeneza nafsi yake. Wengine wakabisha: kanuni imo moyoni, na kujua bila kutenda si kujua. Mafundisho yakavuka hadi Japani, Vietnam na Korea, yakaingia mpaka kwenye namna ya kumpa mkubwa kikombe. Treni ilipochomoza juu ya ardhi, nikagundua sijamkanya hata neno.

Ilford, jioni, tulikaa kwenye pilau.

"Mama, kwa wafuasi wa Konfusio mtoto huanza kwa kufagia, kuitika akiitwa, kuamkia wakubwa. Ndipo asome."

"Hayo si nimekufunza mimi jikoni humu, nawe ukiniitika 'what?' Leo mpaka Korea!"

Rukia akacheka. Mama yake hakucheka. "Na mizimu?"

"Wanawaandalia wazee wao chakula, wanainama. Mimi nitatazama tu, mama. Nataka kujua ufagio uliibadilishaje nchi nzima."

Shangazi akanigeukia. "Haya, sema wewe."

Nikasema, "Mwache aende, shangazi."

"Nimekuita unisaidie, umekuja kumsaidia yeye!" Akaichambua pilau kwa kidole. "Nilipotoka Pemba, mama yangu aliumia kama ninavyoumia mimi. Hakunizuia."

Siku yangu ya kurudi Unguja ilikuwa pia ya Rukia ya kuondoka, alitangulia yeye. Nilijifunza kwamba fikra hufika mbali kwa sababu nyumbani kuna mtu aliyekubali kubaki.

"Na ule vizuri huko," shangazi alimwambia.

Rukia akambusu mkono, akanyanyua begi, akatoka, akaufunga mlango.