Waya wa fundi na sikio la baba

Mimi sina subira na vitu vinavyogoma. Kiyoyozi cha gari langu kilipoanza kutoa baridi dakika tano kisha kuzima, nililipeleka kwa fundi hapo Kasese, nikamwambia afanye upesi.

Baba alikuwa kiti cha mbele. Dada yake, shangazi yangu aliyebaki mjane kabla sijazaliwa, alikuwa mahututi Bwera na baba alitaka kumwahi. Barabara ilikuwa inachimbwa, vumbi tupu, na kifua chake, kilichoharibiwa na kazi ya mgodini, hakikuweza vumbi. Lazima tufunge vioo, na kufunga vioo bila baridi kwenye joto la Muhokya ni kumchemsha mzee wa watu.

Fundi alifungua boneti, akagusa kidude kilichokaa kwenye bomba la gesi. "Hii swichi ndiyo inasumbua." Akachomoa plagi yake, akaunganisha matundu mawili kwa kipande cha waya. Baridi ikarudi. Nilifurahi kweli. Huku kwetu ndivyo tunavyotengeneza: kinachokataa, tunakiruka.

Baba akashuka. "Hiyo swichi ilikuwa na kazi gani?"

"Inakata moto wa betri tu, mzee."

"Inakata kwa sababu gani?"

Fundi akanitazama mimi, binti mwenye gari. Nilijua nini? Jua lilikuwa linapanda na hasira nazo zinapanda.

"Ndani iko kibati chembamba," baba akasema. "Gesi inakisukuma. Ikipungua, kinakata, kompresa isizunguke kavu. Ikizidi, kinakata, bomba isipasuke. Toa hiyo waya. Tafuta nini inapandisha gesi."

Fundi akainama, akanuna, akatafuta. Feni ya mbele ilikuwa imesimama; panya walikuwa wametafuna waya wake. Joto halikuwa na pa kutokea, basi gesi ikawa inajaa mpaka swichi inakata. Akaunga waya wa feni, akarudisha plagi mahali pake, na baridi haikukatika tena.

Niliona aibu kidogo, lakini udadisi ulinizidi. Baba hajawahi kumiliki hata pikipiki. Tulipopita Muhokya, vioo juu, hakohoi, nikamuuliza alijifunza wapi. Nilipaza sauti kama kawaida, ingawa sikio lake zima, la kulia, lilikuwa upande wangu. La kushoto tuliambiwa liliuawa na homa ya utotoni.

"Mgodini," akasema. "Mashine ya kusukuma hewa ilikuwa na kidude kama hicho. Kinatukatia kazi kila saa. Nikatia waya."

Nikangoja. Kwangu hiyo ni kazi ngumu.

"Bomba ikapasuka upande huu." Akagusa sikio la kushoto. "Mwenzangu alikuwa karibu zaidi."

"Alipona?"

"Alikuwa bwana ya shangazi yako."

Nikakumbuka shamba la shangazi, ambalo baba alilima kila msimu kabla ya kugusa la kwetu. Tulikuwa tunamsifu kwa upendo wa ndugu.

"Yeye anajua ile waya?"

"Hapana. Ndiyo naenda kumwambia."

Mguu wangu uliachia pedali ya mafuta wenyewe. Baba akaona.

"Endesha, mama," akasema. "Nimeshachelewa sana."