Akala za Baba

Harufu ya mpira uliokatwa, hata leo nikipita gereji, hunirudisha uani kwetu Nakuru. Mama alikuwa mjamzito, na gari letu kuukuu likiingia shimoni alishika tumbo na kuuma midomo. Bushi za springi, zile pete za mpira, zilikuwa zimelika, na dukani hazikuwepo. Baba akavua akala zake za tairi, akazikata, akatoboa vipande katikati, akavipaka maji ya sabuni na kuvigongea mahali pake.

Siku ya kwenda hospitali, Mama hakuuma midomo njia nzima. Tulipofika langoni akaona Baba anakanyaga breki miguu mitupu.

“Baba watoto, akala zako ziko wapi?”

“Si umezikalia.”