Rosina na Paa la Soko la Chilundu

Rosina, mama Jenifa, alikuwa na wivu, na hakuwahi kuuficha vizuri. Mdomo ungecheka nawe, lakini macho yangebaki kwenye kitenge chako kipya. Ukinunua ndoo, atauliza bei. Ukijenga choo, atapita kukichungulia na kukuambia mlango umekaa upande. Watu wa Chilundu, mji mdogo ambao utauona ukitoka Sumbawanga kwenda Mwimbi kama hukusinzia, walimzoea na walimpenda hivyo hivyo. Kwenye msiba alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka jikoni, na hakuna mwanamke aliyejua kuuza ulezi kama yeye. Ndiyo maana walimfanya mwenyekiti wa soko.

Lakini ulikuwepo wivu mmoja ambao haukuwa wa utani, nao ulimhusu Lucia, mama Yusto, mjane aliyekuwa jirani yake wa mlango kwa mlango.

Zamani, wote wawili wakiwa na watoto mgongoni, mji ulitafuta wanawake wa kufagia barabara na soko. Mtendaji alikuja mpaka uani kwao kuwauliza. Rosina alicheka mpaka akashika mbavu. "Mimi nishike ufagio barabarani, wakwe zangu wakipita wananiona?" Lucia hakucheka. Alisema ataenda, na kesho yake alfajiri akaenda.

Kwa miaka mingi Rosina alijiona mjanja. Mwenzake alifagia katika ile baridi ya Juni inayokata masikio, yeye akiwa bado amejifunika blanketi. Alipomwona Lucia akikaribia meza yake sokoni, alimwaga pumba chini makusudi. "Nakutafutia kazi, shoga, usije ukafukuzwa," alisema, na wanawake wengine wakacheka. Lucia alizifagia na hizo pumba, akaendelea na meza inayofuata.

Mambo yaligeuka pale mzee Kasimiri, mlinzi wa ofisi za mji, alipostaafu. Mtu huyo watu walizoea kumwona amejikunyata ndani ya koti kuukuu, anaomba kiberiti kwa kila apitaye. Alipolipwa kiinua mgongo chake alinunua mashine ya kusaga, na juu ya hapo pensheni ikawa inaingia kila mwezi, mvua inyeshe isinyeshe. Wanawake wakapanga foleni mbele ya nyumba yake na mahindi yao, Rosina akiwemo. Hapo kwenye foleni, debe likiwa kichwani, ndipo aliposikia mtu nyuma yake akisema, "Na mama Yusto naye anastaafu mwaka huu. Mtamwona." Debe lilimwelemea ghafla, akalishusha chini.

Tangu siku hiyo akawa anaota macho wazi. Akilini aliiona nyumba ya Lucia ikivuliwa nyasi na kuvishwa bati. Alimwona Lucia mwenyewe amekaa barazani asubuhi, miguu ameinyoosha, anakunywa chai ya maziwa, huku yeye Rosina anapita mbele yake na gunia. Na kilichomchoma kuliko vyote ni kwamba hela hiyo ingetoka wapi kama si kwenye ushuru? Kila gunia aliloshusha sokoni alilitolea ushuru, mvua na jua.

"Kwa hiyo mimi ndiye ninayemzeesha mama Yusto kwa raha," alimwambia mumewe, Alphonce.

Alphonce alikuwa akitia jembe mpini mpya. "Si ulikataa ufagio mwenyewe?" alijibu bila kuinua kichwa. Jioni ile Alphonce alikula ugali bila mboga.

Sasa, soko la Chilundu halikuwa na paa. Mvua ikianza, wauzaji walitupa maturubai juu ya bidhaa na kukimbilia chini ya upenu wa ofisi ya kata, na wakirudi walikuta maharage yamevimba na ulezi umeanza kuota kimea kabla mtu hajautaka uote. Kila mwaka waliomba paa, na kila mwaka waliambiwa mwaka kesho. Ndipo diwani wao, Ignasi, kijana mpole asiyependa kugombana na mtu, alipokuja kukaa kwenye kigoda mbele ya meza ya Rosina.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mheshimiwa. Umekuja na paa letu?"

Ignasi akakuna kichwa, akamweleza. Mishahara ya walimu na wauguzi inatoka serikali kuu, na michango yao ya uzeeni vilevile. Lakini wafagiaji na walinzi waliajiriwa na mji wenyewe, kwa hiyo mchango wa mwajiri kwenye mfuko wao wa pensheni ni lazima utoke kwenye mapato ya mji, na mapato ya mji ni ushuru wa mazao, basi. Miaka ambayo mahindi hayakupata bei, michango haikupelekwa. Imelimbikizana. Wazee wanaostaafu wanazidi kuongezeka, ushuru ni ule ule. Mwaka huu zimepatikana hela za kufanya jambo moja tu: kulipa malimbikizo hayo, au kujenga paa.

"Na tukijenga paa?" Rosina aliuliza.

"Wanaostaafu mwaka huu watasubiri. Mfuko hauwezi kuwalipa mpaka michango ikamilike." Ignasi alitazama chini. "Baraza linataka maoni ya wananchi kwanza. Mama, wewe panga siku, nami nitakuja kuwasikiliza."

Moyo wa Rosina ulidunda kama wa msichana anayesubiri posa.

Ilikuwa ule mwezi ambao Ufipa yote iko mashambani. Majani yakishakuwa marefu, watu huyalaza na kuyafunika kwa udongo, wakiinua vichuguu vya duara vinavyoitwa intumba, majani yaozee humo na kuwa mbolea. Ni kazi ya kuvunja mgongo, na mtu mmoja haiwezi. Kwa hiyo mwenye shamba hupika pombe ya ulezi, na siku inapoiva majirani huja na majembe, wakalima, kisha wakanywa. Kesho ni kwa mwingine. Siku yenyewe haisogezwi, kwa kuwa pombe ndiyo inayoipanga, na ikishaiva haimngoji mtu. Ukichelewa unakuta kitu kichachu cha kumwaga.

Lucia alikuwa amepika. Rosina aliijua siku ya kuiva vizuri kabisa, maana pipa la kupikia lilikuwa lake mwenyewe, Lucia alikuja kuliazima na kumwambia. Na Rosina, baada ya kuzunguka uani mwake kutwa nzima akiongea peke yake, alimpelekea diwani ujumbe kwamba mkutano uwe siku hiyo hiyo.

Lucia alipouliza kutoka ng'ambo ya ukuta wa ua ni mkutano wa nini, Rosina alikuwa akianua nguo. "Aa, wa vyoo vya soko tu, mama Yusto. Wewe hangaika na shamba lako. Sisi tukimaliza tutakuja kulima." Alilisema hilo na pini ya nguo mdomoni.

Siku ilipofika uwanja wa kata ulijaa. Ignasi alieleza yote kwa haki, hakupendelea upande. Mzee Kasimiri akasimama, akiegemea fimbo. "Hili linawahusu wafagiaji. Mbona simwoni mama Yusto?"

"Mama Yusto ana shughuli zake shambani," alisema Rosina. "Angekuwa na neno angekuja." Kisha akaongea yeye, na nani angemweza? Aliwakumbusha maharage yaliyooza. Aliwaonyesha mikono yake. Akauliza kama ni haki watu wote wa soko wanyeshewe ili watu wachache wakae barazani. Alipotaja baraza sauti ilimpanda, na waliomjua waliinamisha vichwa, lakini mvua iliyopita walikuwa hawajaisahau. Mikono ikanyooshwa. Paa likapita.

Watu walikuwa bado wanashangilia Lucia alipotokea barabarani na ndoo ya pombe kichwani. Aliitua, akapiga magoti, akawasalimu wazee kwa kupiga makofi taratibu kama ilivyo desturi.

"Nimewangoja shambani hamkuja," alisema. "Nikasema itachacha, bora niwafuate."

Akachota kata ya kwanza, akampa mwenyekiti wa soko kwa mikono miwili. Rosina akapokea, akanywa, akamrudishia kata. Angefanyaje mbele za watu? Ndipo Lucia alipouliza, "Haya, vyoo vinajengwa?"

Ilibidi Ignasi aje karibu, achuchumae, amwambie. Lucia alisikiliza mpaka mwisho, kata ikiwa mkononi. Kisha akachota tena, akampa mzee Kasimiri, akampa anayefuata, mpaka ndoo ikaisha. Hakumsema Rosina. Pombe ilikuwa tamu kuliko yoyote aliyowahi kupika Rosina, na hilo nalo lilimuudhi.

Kesho yake watu walioona aibu walichukua majembe wakaenda kumwinulia Lucia intumba zake, bila pombe. Rosina alisema mgongo unamuuma.

Paa lilimalizika kabla ya mvua za mwaka uliofuata. Lucia alikuwa ameshastaafu, akapewa mkono na maneno mazuri, akaambiwa asubiri. Mtu anayesubiri lazima ale. Asubuhi moja aliingia sokoni na debe la ulezi na mkeka, akasimama mbele ya mwenyekiti.

"Naomba sehemu, mama Jenifa."

Rosina alitazama huku na huku. Kila mahali palikuwa na mtu, isipokuwa pembeni ya meza yake mwenyewe. Akaonyesha kwa kidole. Lucia akatandika mkeka hapo, akapanga visado vyake, na mara ile wateja wawili wakasimama kwake kwa sababu walizoea kusalimiana naye barabarani.

Mchana mvua ikashuka, ikapiga bati kwa kelele hata watu wakawa wanaongea kwa ishara. Hakuna aliyekimbia. Lucia akainua uso, akatazama lile paa lote, akamwinamia Rosina sikioni.

"Paa zuri, mama Jenifa. Tulinyeshewa sana hapa."

Rosina alimchunguza usoni akitafuta kejeli, walau chembe, apate cha kujibu. Hakuipata. Lucia alikuwa ameshaegemea debe lake na kujifunika khanga, na kwenye kelele zote zile akapitiwa na usingizi, mdomo wazi kidogo, kama mtu asiyedaiwa na yeyote. Nyumba yake bado ilikuwa ya nyasi. Mashine hakununua, pensheni hakuiona, hakuwa na kitu hata kimoja cha kutamaniwa.

Rosina alikaa wima kwenye kigoda chake, macho makavu, akamtazama akilala, na akamwonea wivu.