Fundi Pembemraba na Nyumba Iliyoinama

Mtaani hakuna aliyemwita fundi fremu kwa jina lake. Alikuwa Pembemraba, na jina hilo lilimkaa vizuri kuliko shati. Akienda kuhani msiba, kabla hajatoa pole jicho lilikwisha kwenda ukutani na mkono ulikwisha kunyoosha kalenda. Mkewe alidai hata kitandani analala kama rula. Picha zenyewe hakuwa na habari nazo. Maharusi, wahitimu, marehemu: kwake wote walikuwa na kingo nne, na kazi ilianzia hapo na kuishia hapo.

Mpwa wake, binti wa dada yake, alikuwa akiandaa maonyesho katika ukumbi wa maktaba. Mchoraji alikuwa mwanamke mweusi wa ng'ambo, mzao wa watu waliovushwa bahari kwa minyororo. Wakubwa wa ukumbi walitaka fremu zitengenezwe na kampuni kubwa. Mpwa akashikilia kwamba mjomba wake anaweza, akamdhamini kwa mdomo wake mwenyewe, kisha akamletea picha ya kwanza, iliyochorwa kwenye turubai.

Ilikuwa nyumba inayopaa juu ya bahari. Ndani walijaa watu weusi wa kila rika, mabibi wakiwa na miji midogo inayowaka taa katikati ya nywele. Chini kilindini, waliozama walikuwa wamekaa barazani wakipunga mikono, kama wenyeji wanaoaga wageni. Nyumba iliinama, na ubavu wa kulia wa turubai ulikuwa umekatwa mshazari tangu kwa mchoraji. Pembemraba aliona mshazari tu. Akamhurumia mpwa wake kwa kupewa kitu kibovu bila kujua, akaamua kumsitiri. Akaizungusha turubai kidogo hadi nyumba ikasimama, akakata kilichozidi. Fremu ikakaa kama imezaliwa nayo.

Mpwa alipokuja aliitazama muda mrefu mno kwa mtu aliyependezwa.

"Mjomba, kipande kingine kiko wapi?"

Kilikuwa chini ya mguu wa meza ya kazi, kimekunjwa kuzuia meza isicheze. Fundi akapiga magoti kukitoa. Kilipokunjuliwa alionekana mtoto wa kike, ametoka mlangoni peku, anakanyaga hewa, na hewa imekubali. Nyumba nzima ilikuwa imeinama kumfuata. Sasa ilisimama wima, kama ofisi.

Mpwa hakumfokea. Alisema tu kwamba mchoraji yuko hotelini, na ni heri asikie kutoka kwao wenyewe. Njia nzima hakutamka tena neno mjomba.

Mchoraji alikiweka kipande mapajani, akapapasa alama ya mguu wa meza. Kisha akasema maneno machache, na mpwa akayatafsiri huku akitazama sakafu.

"Anauliza, kabla ya kukata, uliitazama?"

"Niliipima," alijibu Pembemraba.

Jibu hilo halikuchukua muda kutafsiriwa.

Mchoraji aliagiza picha itundikwe hivyo hivyo, bila fremu. Kipande alibaki nacho. Kazi nyingine zote zikaenda kwa kampuni.

Siku ya ufunguzi Pembemraba alikwenda, kwa kuwa kutokwenda kungekuwa aibu ya pili. Akasimama mbele ya picha na, kwa mara ya kwanza maishani, akaanza kutazama kutoka katikati. Akamwona mzee aliyejitwika kitanda. Akamwona mama anayemsuka mwenzake, na kila msuko ukiwa barabara yenye watu. Wote walitazama upande mmoja, wakicheka. Naye akafuata macho yao, hadi yake yakagota ukingoni.

Pembeni, bwana mmoja mwenye miwani alikuwa akimfafanulia mkewe ukingo ule ule. Ujasiri ulioje, alisema, kuikatisha furaha ghafla namna hii; mchoraji wa kawaida asingethubutu. Mpwa alisikia, akamtazama mjomba wake aone atafanya nini. Kunyamaza kulikuwa rahisi, tena kungeonekana kama adabu.

"Nilikata mimi," fundi alisema. "Palikuwa na mtoto."

Bwana yule alitabasamu kama mtu asiyetaka kuonekana hajaelewa, akamshika mkewe mkono wakahamia picha nyingine. Mpwa alisogea, akasimama na mjomba wake, ingawa si karibu sana.