Kura Iliyopigwa Mbele ya Moto

Nakumbuka asubuhi moja ya upepo, mwanangu, huko kwetu Ugweno, juu kidogo ya Shighatini. Nilikuwa nimesimama mbele ya mitungi iliyopangwa kwenye moto, na wanawake kumi na wawili wananitazama niseme neno. Wewe sasa umekabidhiwa karakana pale Same na watu wa kuwaongoza, kwa hiyo keti nikusimulie aibu yangu. Ndugu zako sijawahi kuwasimulia.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Sisi wafinyanzi tuliambiwa tufanye kazi kwa kikundi, na kwa kuwa nilikuwa nimesoma hadi darasa la nane na kuhudhuria semina moja, nikachaguliwa mwenyekiti. Nilikuwa binti mdogo mwenye majivuno makubwa. Tukapata oda ya mitungi ya maji kutoka shamba moja la mkonge kule tambarare, kwa ajili ya wakataji. Katibu wa kijiji akatuonya kwamba oda hiyo ikitushinda, kikundi kitavunjwa na sote tutapelekwa kwenye shamba la maharage la kijiji. Ufinyanzi tuliurithi kwa mama zetu na bibi zetu. Kuuacha kwetu kungekuwa msiba.

Fundi aliyetuzidi sote alikuwa Mama Nakijwa, mjane mpole ambaye kipimo chake kilikuwa kiganja chake cha kulia. Mimi nikakata kijiti, nikawa napita kwa kila mmoja nikipima tumbo la mtungi. Wake ukazidi kwa upana wa kidole. Nikamwamuru auvunje mbele ya wenzake.

"Mwenyekiti," akasema taratibu, "mtungi huu hauna kasoro. Utabeba maji."

"Utaratibu ni utaratibu, mama."

Akauvunja. Siku tatu hakuja kazini, na waliobaki wakafinyanga bila wimbo wala mzaha. Nikaenda kumwomba radhi, akarudi. Hapo nikajiapiza kwamba sitamwamuru mtu tena. Kila jambo tutalipigia kura, kama nilivyofundishwa kwenye semina. Kumbe nilikuwa naruka majivu, nakwenda kukanyaga moto.

Basi asubuhi ile, kuni zilikuwa zimeshashika moto, upepo ukageuka ghafla. Miali ikalalia upande mmoja wa mitungi, upande wa pili ukabaki baridi. Mfinyanzi yeyote anajua kwamba mtungi ukiungua upande mmoja hupasuka.

"Mwenyekiti, tuzibe upande wa upepo kwa vigae na nyasi mbichi!" Mama Nakijwa akaita. "Toa amri!"

Mwingine akapinga, akasema tuvute kuni nje. Nami, Mungu anisamehe, nikasema, "Wanaotaka tuzibe wanyooshe mikono."

Mikono sita ikanyooka. Mama mmoja akawa anasitasita, nikamsubiri. Mtungi wa kwanza ukapasuka, kisha wa pili. Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno, lakini pale wazee walikuwepo na neno liliharibika, kwa sababu nilichelewa kulisema. Mama Nakijwa hakungoja kura. Alikimbia peke yake, akakamata gogo linalowaka alisukume mbali na mitungi, na kiganja chake cha kulia kikaungua hadi ndani.

Zaidi ya nusu ya mitungi iliharibika. Lakini mimi sikulilia mitungi. Nilipiga magoti zahanati kando ya kitanda chake nikalia kama mtoto, maana mkono niliotaka kuufundisha kwa kijiti ndio ule uliofungwa bandeji.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Siku ile udongo ulikuwa mikononi mwangu, naujua, wewe ukaniamuru. Leo moto uko mbele yetu sote, wewe unatuuliza maoni. Umepanga mambo kichwa chini miguu juu."

Kesho yake nikateremka hadi shamba la mkonge, nikakiri kosa mbele ya karani wao bila kumsingizia upepo. Akatuongezea wiki tatu. Safari hii niliporudi nikawaketisha kina mama, kwa sababu muda ulikuwepo: nani achimbe udongo, nani atafute kuni, tugawane vipi. Tulibishana kutwa nzima na nikasikiliza. Kijiti nilikitupa. Na siku ya kuchoma nikasema sentensi moja tu, kwa sauti ya kusikika na wote: "Kwenye moto anayesema ni Mama Nakijwa, na hakuna kumuuliza swali." Kisha mimi mwenyekiti nikaenda kubeba nyasi.

Oda ikatimia na kikundi kikabaki. Lakini kiganja kile hakikukunjuka tena, na Mama Nakijwa hakufinyanga mtungi mwingine hadi alipofariki. Mwenye kovu usidhani kapoa. Na mimi nisiye na kovu sijapoa mpaka leo.

Sasa nisikilize, mwanangu. Fundi anayeijua kazi yake mwachie kazi yake, wewe mtafutie udongo mzuri. Jambo likiwa la wote na muda upo, waketishe watu na uwasikilize, hata wakikuchosha. Lakini hatari ikiingia mlangoni, usihesabu mikono. Toa amri, na kama kuna anayejua kuliko wewe, amri yako iwe kumpa yeye nafasi. Hasira ya watu utaituliza kesho. Mkono wa mtu hutaurudisha.

Siku ya harusi yangu Mama Nakijwa aliniwekea kichwani kiganja kile kilichokunjamana, akaniombea. Baraka aliyonipa nakupa wewe. Mungu akujalie ulimi wa kuamuru, masikio ya kusikiliza na moyo wa kunyamaza, na akuonyeshe mapema saa ya kila kimoja, ili asiwepo mtu wa kuungua kwa ajili yako. Inama, mwanangu, nikuwekee mkono.