Watu wa Mlangoni

Kasulu ya ujana wangu, katika miaka ya sabini, ilikuwa na watu walioweza kubishana juu ya filamu za jasusi tangu asubuhi mpaka mboga zikaungua, na karibu wote hawakuwahi kuziona hizo filamu. Nami nilikuwa mmoja wao. Najua unaanza kunitilia shaka, kwa hiyo ngoja nieleze.

Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja mwenye asili ya Tanga aliyeuza vitambaa. Nyuma ya duka lake alikuwa na ukumbi wa mabati, na ndani ya ukumbi aliweka mashine ya sinema na jenereta iliyokohoa kuliko mvuta kiko. Filamu zililetwa na lori kutoka Kigoma zikiwa ndani ya makopo ya bati. Jumamosi moja jioni zilionyeshwa kwetu Kasulu, Jumamosi iliyofuata mashine ilipakiwa ikapelekwa Kibondo. Zilizopendwa zaidi zilikuwa za jasusi mmoja wa Kizungu aliyevaa koti la mvua hata penye jua la kupasua mawe. Sisi tulimwita Bwana Koti.

Mwenye ukumbi alikuwa na ujanja wake wa biashara. Filamu ilipoanza aliuacha mlango mkubwa wazi, ili sisi tusio na tiketi tuone mwanzo, tuingiwe na tamaa, tulipe. Na mianzo ya Bwana Koti ilikuwa na raha yake: muziki wa matarumbeta, rangi ambazo hata kwenye vitenge hatujaziona, vivuli vya wanawake vikielea, na juu ya yote hayo majina ya watu yakipita mojamoja. Jina la mwisho likishapita, mlango unafungwa. Walio ndani wanaendelea na filamu, sisi tunaendelea na maisha.

Kitu ambacho mwenye ukumbi hakukifikiria ni kwamba mwanzo ulitutosha. Tulikuja, tukala mwanzo, tukarudi nyumbani tumeshiba. Tukaitwa watu wa mlangoni, na jina lenyewe hatukulikataa.

Kila mwanzo tuliupa jina. Kulikuwa na Ya Moshi, ambamo moshi wa sigara uligeuka uso wa mtu na uso ukageuka mji. Kulikuwa na Ya Karata, karata zikidondoka kutoka juu na kila malkia akikonyeza. Kulikuwa na Ya Saa, na kulikuwa na Ya Maji. Baada ya misa ya Jumapili tulikusanyika kwenye baraza ya fundi cherehani, nilipokuwa najifunza kushona, tukazipanga: ipi ya kwanza, ipi ya mwisho, na kwa nini wewe unayefikiri vingine huna macho. Mwenyekiti wetu alikuwa fundi baiskeli. Tulimchagua kwa kuwa alikuwa na sauti kubwa na benchi lake mwenyewe. Yeye alikuwa mtu wa Ya Moshi, na ukimgusa hapo hata tairi lako hakuzibii.

Kiingereza hatukukijua, lakini majina tuliyajua kwa sura. Mwenyekiti alitufundisha kuwa jina linalokuja la mwisho, refu na peke yake katikati ya kitambaa cheupe cha sinema, ni la yule bwana anayeamuru mlango ufungwe. Ushahidi ulikuwepo: kila likitokea, mlango unafungwa. Tukambatiza Mfunga Mlango, na tukawa tunamzomea kwa moyo mmoja. Wenye tiketi walituona wendawazimu. Nimekuja kuambiwa ukubwani kwamba jina lile lilikuwa la mtu aliyeitengeneza filamu yenyewe. Simwombi radhi.

Mimi nilihukumu kwa mavazi. Ya Maji ilinipendeza kwa sababu ya gauni. Mwanamke mmoja aliyevaa gauni jeupe, lililokatwa mshazari likaanguka vizuri mpaka vifundoni, anashuka ngazi za mawe kuelekea majini. Anashuka tu, taratibu, anatuangalia. Maji yanamfika magotini, kiunoni, shingoni, mwishoni nywele zinatandazika juu ya maji na majina yanapita juu ya nywele. Halafu Mfunga Mlango, halafu mlango. Nilisikitika sana, maana kitambaa kama kile hakitakiwi kuloweshwa.

Shangazi yangu, dada wa baba, hakujali kitambaa. Nilikuwa naishi kwake, na mara ya kwanza nilipompeleka mlangoni tukakuta Ya Maji. Mlango ulipofungwa akabaki amesimama palepale.

"Na yule mtoto wa watu?" akaniuliza.

"Yupi, shangazi?"

"Aliyezama. Nani anamtoa?"

Nikamwambia watu wa ndani ndio wanaojua. Basi akawangoja watu wa ndani. Walipotoka akamshika kila mmoja mkono na kumwuliza kama yule mwanamke alitolewa. Wakamtazama. Mwanamke yupi? Walikumbuka magari yaliyofukuzana na Bwana Koti alivyomtupa mtu dirishani. Mwanamke wa majini hawakumkumbuka hata mmoja. Shangazi akanirudia na uso mzito, akasema watu wale wanaficha jambo, na ukiona watu wengi namna hiyo wanaficha jambo moja, ujue ni la aibu.

Tangu siku hiyo hakupata amani. Tunapalilia maharage, anainuka ghafla na jembe mkononi: "Labda alijua kuogelea." Tunakula, anasema, "Asingeingia na gauni." Filamu ile ilirudi Kasulu mara kadhaa kwa muda wa kama miaka miwili, na kila iliporudi alikwenda mlangoni akitumaini safari hii mlango utachelewa. Kulipa tiketi alikataa katakata. Alisema yeye hatoi hela yake kwenda kuangalia maiti, maana kama msichana amekufa, mazishi hayalipiwi mlangoni. Nilimcheka, lakini nilimpenda kwa hilo, na bado nampenda.

Ndipo mwenye ukumbi akatangaza kuwa anarudi Tanga kumtunza mama yake. Ukumbi utageuzwa ghala la mahindi, na mashine itauzwa. Alituita sisi watu wa mlangoni akazungumza nasi kwa ule upole wa watu wa pwani.

"Jamaa zangu," akasema, "mmenitia hasara lakini mmenichangamsha. Nitaagiza filamu moja ya kuagana. Mlango hautafungwa na tiketi hakuna. Chagueni nyinyi."

Shangazi akanifinya paja. Hii ilikuwa nafasi yake ya mwisho ya kujua, na tulijua wote wawili kuwa Ya Maji haina watu. Moshi ilikuwa na Kasulu karibu nzima. Karata ilikuwa na Kibondo. Watu wa mlangoni wa Kibondo, ambao nao walikuwa na baraza lao na majivuno yao, walipopata habari wakapanda lori Jumapili wakaja barazani kwetu kupiga kura, wamevaa kama wanakwenda kuposa.

Mwenyekiti alipanga kura iwe kwa makofi. Ataita kila filamu, wenye kuipenda watapiga, yeye atapima kwa masikio. Ili asipendelee nyuso za watu wake, atafumba macho. Kibondo wakaridhika, wakasema hapo amenena kiume.

Akafumba macho. Akaita Ya Saa, wakapiga watu wawili ambao nadhani walikuwa wanafukuza nzi. Akaita Ya Karata, Kibondo wakapiga mpaka kuku wa fundi cherehani wakakimbia. Akaita Ya Moshi, Kasulu wakajibu kwa kishindo. Mimi nilikaa na mikono mapajani, kwa kumwogopa shangazi. Mwenyekiti akatabasamu na macho yake yamefumbwa, akaita, "Ya Maji."

Wakati huohuo akatokea barabarani mzee mmoja wa Muyama, shemeji yake shangazi, mtu mzima sana anayeheshimika Kasulu yote, anatembea na fimbo na kifurushi kidogo. Sasa, kwetu Buha, nchi yetu sisi Waha, mzee hasalimiwi kwa kupungiwa mkono kama basi. Unainama, unampigia makofi taratibu huku unamsalimu. Shangazi akawa wa kwanza kushuka magotini. "Mwakeye," akasema, na makofi. Nikafuata. Wakafuata wengine, maana nani angebaki amekaa? Kasulu wakainuka, Kibondo wakainuka, na kwa kuwa Kibondo ni wageni wakataka waonekane wana adabu kuliko wenyeji. Kasulu nao hawakukubali kushindwa adabu nyumbani kwao. Makofi yakapanda. Mzee akafurahi, akasimama ayapokee yote, akajibu kila upande.

Mwenyekiti akafumbua macho. Alikuwa amepauka.

"Ya Maji," akasema kwa sauti ndogo ambayo hatukujua kama anayo. "Sikutegemea. Lakini masikio yangu yamesikia."

Zikazuka vurugu. Mkubwa wa Kibondo, mwuza chumvi mwenye shingo fupi, alisimama akasema yale hayakuwa makofi ya kura.

"Yalikuwa ya nini?" akauliza mwenyekiti.

"Ya kumsalimu mzee."

Mzee wa Muyama alikuwa ameshapewa kiti. Akainua kichwa. "Ego," akasema, yaani ndiyo. "Nimesalimiwa vizuri. Kuna anayetaka kurudisha salamu yake?"

Mwuza chumvi alimtazama mzee, akatazama mikono yake mwenyewe, akakaa. Kura ya mtu unaweza kuibatilisha, lakini salamu uliyompa mzee mbele ya watu huwezi kuifuta, labda uhame wilaya. Ya Maji ikapita.

Njiani kurudi nilimwuliza shangazi mzee alikuwa amefuata nini. Akasema alimwomba mbegu za maharage. Nikamwuliza kwa nini aletewe barazani na siyo nyumbani. Akasema alimwagiza amfuate alipo, na Jumapili yuko barazani, kila mtu anajua. Kisha akaniambia nitazame ninapokanyaga.

Jumamosi ya kuagana ikafika. Mlango ukafunguliwa pande zote mbili, na mwenye ukumbi akasimama kutukaribisha kwa mkono wake. Utaamini kwamba wengi wetu tulibaki palepale nje? Miguu ilikuwa imezoea. Shangazi peke yake ndiye aliyepita moja kwa moja, akaweka kigoda chake mbele ya watu wote, mimi nikakaa chini pembeni yake.

Mwanamke akashuka ngazi. Maji yakamfunika. Mfunga Mlango akatokea, tukamzomea, na mlango haukufungwa. Likafuata jambo la kutisha: filamu ikaendelea. Bwana Koti akaingia ofisini, akaongea. Akaingia ofisi nyingine, akaongea tena. Watu wa mlangoni wakaanza kutazamana. Hii ndiyo tuliyokuwa tunafichwa? Opareta, kijana mpole wa Kigoma mjini, kila alipobadilisha gurudumu la mkanda, shangazi aligeuka na kumwuliza, "Bado hajatolewa?"

"Bado, mama," akajibu, kwa kuwa hakujua aseme nini.

Magari yakafukuzana. Mtu akatupwa dirishani. Mwishoni Bwana Koti akambusu mwanamke mwingine kabisa, mkavu, na taa ikawaka. Watu wakaanza kutoka. Shangazi hakuinuka.

Mwenye ukumbi akaja, akachuchumaa mbele yake. "Dada yangu, yule msichana hayumo kwenye hadithi. Wamemweka mwanzoni awe pambo tu."

"Pambo linazama?"

Mwenye ukumbi akakaa chini kabisa sakafuni.

"Miaka yote hii mlango ukifungwa," shangazi akasema, "nilidhani mko naye humo ndani. Nilidhani nyinyi mliolipa mnamshughulikia." Nilipomtazama nikaona analia kweli, machozi ya mtu aliyefiwa. Mimi niliyekuwa nimejiandaa kucheka niliona aibu, nikamshika mkono. Hata mwuza chumvi wa Kibondo alivua kofia yake.

Opareta ndiye aliyesogea kwenye mashine bila kuambiwa. Akachukua gurudumu la kwanza, akaurudisha mkanda kwa mkono mpaka penye majina, akazima sauti, akabonyeza kitu pembeni. Taa ikaangaza kitambaa, na picha ikaanza kwenda kinyumenyume.

Majina yakarudi yalikotoka. Nywele zilizotandazika majini zikajikusanya. Kichwa kikatoka, na mabega, na gauni likiinuka kutoka majini limekauka, jeupe, mshazari wake ule ule. Watu waliokuwa wametoka nje wakarudi ndani, wakajipanga kwenye kuta. Yule mwanamke akaanza kupanda ngazi kwa kisogo, anatuangalia, mguu mmoja baada ya mwingine.

"Polepole, mwanangu," shangazi akamwambia. "Mawe hayo yanateleza."

Akapanda polepole. Shangazi akamsindikiza kwa macho ngazi kwa ngazi, mpaka akasimama juu kabisa, penye nchi kavu. Hapo shangazi akafuta uso kwa upindo wa kanga, akaokota kigoda chake.

"Haya," akamwambia opareta. "Zima sasa, asije akashuka tena."