Kadi ya Picha Iliyooshwa kwa Sabuni

Siku ambayo kadi ya picha ilianikwa juani pamoja na sahani za mama naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu mimi ndiye niliyeikuta. Nilikuwa natoka sokoni na mboga zangu. Juu ya meza ya uani palikuwa na vikombe, vijiko na masufuria, na katikati yake, imelazwa kwa upole juu ya taulo safi, ile carte graphique ya kaka yangu Shabani, kile kipande cha kompyuta kinachochora picha kwenye kioo. Ilikuwa inachuruzika maji.

Ngoja nikueleze, maana nyinyi mnaoniletea mashine zenu siku hizi mnadhani nilizaliwa na bisibisi mkononi. Wakati ule nilikuwa binti tu wa Tata Amisi, mwenye lori, na Shabani alikuwa na chumba cha michezo mbele ya nyumba yetu hapa Kolwezi. Kompyuta zake zilikuwa kuukuu. Picha zilikwamakwama, mchezaji anapiga mpira leo, unaingia golini kesho. Vijana walicheka kwanza, kisha wakaanza kuhamia vyumba vingine. Ndipo Shabani alipoamua kuiboresha ile mashine kubwa, aitie kadi mpya yenye nguvu na kioo kipana, ili mtu aone majani ya uwanja moja moja.

Peke yake asingeweza. Aliyesimama naye ni Kabwe, kijana mchimbaji aliyetoka Kamina, anayechimba shaba na kobalti kule Mutoshi kama vijana wengi wa nchi hii. Hakuwa na ndugu hapa mjini. Kila Jumapili alikula kwetu, na mama alimpenda kuliko alivyotupenda sisi, nasema kweli. Kadi waliinunua pamoja, baba akaileta na lori kutoka Lubumbashi imeviringishwa ndani ya blanketi. Siku walipoiwasha, Kabwe alisogea mpaka pua yake ikakaribia kugusa kioo.

"Yaya Zaina, kuya uone!" aliniita, maana kwetu yaya ni dada mkubwa. "Hata kamba ya kiatu inaonekana!"

Basi chumba kikajaa tena. Lakini vumbi la Kolwezi unalijua, mwanangu. Malori ya madini yanapita barabarani kutwa, na vumbi lile halibishi hodi. Likaingia kwenye feni za kadi, likakaa humo miezi yote ya kiangazi, mpaka mashine ikawa inachemka na kujizima katikati ya mchezo. Shabani alikuwa ametangaza shindano la Jumamosi, timu za mitaa mizima zitakuja. Alikosa usingizi kwa wasiwasi. Akaapa kwamba picha ikizimika mbele ya watu siku ile, afadhali afunge chumba.

Ijumaa, Shabani na baba wakiwa msikitini, Kabwe akaja kutoka Mutoshi na furaha zake. Alitaka kumshtua rafiki yake kwa jambo jema. Sasa wewe fikiri: mchimbaji akiona uchafu, anajua dawa moja tu. Jiwe likitoka shimoni limejaa tope, unalipeleka mtoni, unalisugua, tope linakwenda, madini yanabaki. Kazi hiyo Kabwe aliifanya kila siku ya Mungu. Akaichomoa kadi taratibu, akachukua beseni la mama, sabuni na burashi laini, akaiosha kama wanavyoosha mawe.

"Nasha kuiosha muzuri," akaniambia, meno yote nje. "Butope yote imetoka. Saa hii itapumua."

Sikujua nicheke au nilie. Shabani alirudi, akaona, akapiga ukelele majirani wakachungulia juu ya ukuta. "We Kabwe! Unazani hii ni mawe ya Mutoshi? Umeniua, ndugu yangu, umeniua!" Kabwe alisimama pale na burashi mkononi, haelewi kwanza, kisha anaelewa polepole. Nilimwonea huruma mpaka leo ninayo.

Baba alivua kofia yake ya msikitini, akaigeuza kadi huku na huku. Alikuwa amezeeka kwenye barabara ya Kasaji, ambako masika lori huogelea kuliko linavyotembea.

"Haiyakufa," akasema. "Gari ikiingia mu maji, si maji njo inaiuaka. Inaiuaka ni shofere wa haraka, mwenye kutia kontakti, kuiwasha na ingali inalowa. Muiache. Mutu asiiguse mpaka mi niseme." Kisha akamshika Shabani bega. "Na huyu usimukasirikie hivi. Alifanya juu ya mapendo."

Wahenga walisema kosa moja haliachi mke, seuze rafiki. Shabani aliitikia kwa kichwa. Moyo wake ulikuwa kwenye shindano.

Jumamosi baba akaenda gereji. Shabani akaigusa kadi kwa kidole, juu ilikuwa kavu. Nikamwambia, "Kaka, tata alikataza." Akanijibu, "Batu banakuya, Zaina. Nitabaambia nini?" Najua alivyojisikia, wala simlaumu sana. Kijana aliyeahidi watu jambo huona aibu kuliko anavyoona hatari. Lakini haraka haraka haina baraka, na maji yalikuwa bado yamejificha chini ya vile vyuma, mahali ambapo kidole hakifiki. Akaipachika, akabonyeza. Kukasikika mlio mdogo, harufu ya kuungua ikapanda, kioo kikabaki cheusi.

Shindano likaahirishwa. Mimi nikatumwa kwa shangazi, nikalala huko, mvua ya kwanza ya mwaka ikinyesha kwa nguvu. Kumbe nyuma yangu Kabwe alikuja kuuliza hali ya kadi, na kaka yangu, aliyekuwa amefedheheka mbele ya wateja wake wote, akamtupia neno moja: "Maji yako imeiua."

Hayo tu. Mama alinisimulia kwamba Kabwe hakubisha. Aliitazama mikono yake, akaaga kwa adabu, akaondoka bila kula.

Jumapili nilirudi, sahani ya Kabwe ikakaa mezani na kifuniko chake, mwenyewe hakuonekana. Nikatoka mpaka kwa mama mmoja muuza mikate pale kona, ambaye wachimbaji wote hununua kwake wakienda kazini.

"Kabwe? Amepita na bale ba shimo murefu," akanijibu. "Anasema aliharibisha machine ya batu. Lazima alete ingine."

Kabwe hakuwa mtu wa mashimo marefu. Kaka yake mkubwa aliingia katika shimo la namna hiyo wakati wa mvua, ardhi ikiwa imelegea, na hakutoka. Tangu hapo Kabwe alichimba juujuu pembeni, wenzake wakamcheka kwamba anakwangua ardhi kama kuku, naye akawaacha wacheke. Leo alikuwa anaenda kushuka kwa sababu ya kitu ambacho hakukiunguza yeye.

Nilikimbia nyumbani nikamweleza baba yote niliyoyaona Jumamosi. Hakupayuka. Alimwita Shabani kwa ile sauti yake ya chini, ambayo sisi watoto tuliiogopa kuliko fimbo.

"Nani alitia umeme?"

"Ni mi, tata."

"Na njo Kabwe anaingia mu shimo?"

Machozi yalikuwa yamekwisha kumjaa Shabani.

"Mi nilikuzaa weye," baba akasema, "lakini na yeye kuko mama mwenye kumuzaa, kule Kamina, anamungojea. Kamata pikipiki, wende. Na ukimukuta, useme mbele ya benzake bote. Kama utasema mu sikio yake tu, batu batabaki kumucheka."

Nilipanda nyuma ya pikipiki bila kuruhusiwa na mtu. Njia ilikuwa tope tupu, tukaanguka, tukainuka, Shabani analia huku anaendesha na mimi namkemea aangalie mbele. Tulipofika Mutoshi watu walikuwa wamezunguka mdomo wa shimo. Kabwe alikuwa amekwisha funga tochi kwenye paji la uso, na mikono yote miwili imeshika kamba.

Kaka yangu aliiacha pikipiki ikaanguka yenyewe. "Kabwe! Haikukuwa maji!" akapaza sauti. "Ni mi! Tata alikataza, mi nikaiwasha na ingali inalowa! Nikakubambikia weye!"

Wachimbaji wote wakageuka. Shabani alikuwa mtu wa majivuno, mwanangu, viatu vyake vilipigwa rangi kila asubuhi. Pale alisimama amejaa tope mpaka nyusi, akikiri uongo wake mbele ya watu asiowajua.

Kabwe aliachia kamba. Aliuliza swali moja tu, kwa sauti ya mtoto.

"Kumbe haikufia mu mikono yangu?"

"Hapana, ndugu yangu. Ilifia mu yangu."

Kabwe akakaa chini palepale kwenye tope, akalia kilio ambacho nadhani hakikuwa cha kadi. Kilikuwa cha kaka yake. Shabani akakaa kando yake, na mimi, nisiyependa tope hata kidogo, nikakaa pia.

Shimo lile halikuanguka siku ile. Nakuambia hivyo usije ukadhani nakusimulia muujiza. Walioshuka walipanda wote salama, Mungu ashukuriwe. Lakini tulipokuwa njiani hakuna aliyejua kwamba halitaanguka, na kwangu hilo linatosha.

Sasa umeniletea mashine yako, unataka kadi kubwa zaidi ili picha iwe safi na pana. Sina ugomvi na hilo. Kupenda kuona vizuri si dhambi, nami nitakupachikia kwa mikono yangu. Ila shika maneno haya. Kitu kikilowa, kiache kikauke mpaka ndani, wala usiulize kidole chako, uliza subira. Rafiki akikuharibia kwa mapenzi, tazama kwanza alitaka kukufanyia nini, ndipo ufungue mdomo. Na ukikosea wewe, sema upesi, sema mahali watu wanaposikia. Kosa lako usipolibeba haliozi, mwanangu. Litapata mtu mpole wa kulibeba, naye atashuka nalo mahali ambapo wewe usingethubutu kuchungulia.

Mungu akupe macho ya kuona mbali na moyo usio na pupa. Akupe marafiki wa kukuita kabla hujaachia ardhi. Na wote walio chini ya nchi hii saa hii tunapoongea, awapandishe mmoja mmoja, jua likiwa bado lipo, wakute chakula chao hakijapoa. Amina.